Nilimgusa bega mtu asiyehusika

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mwenzangu alilalamika kwamba mahakama zinawaachia majambazi "walioonwa kwa macho". Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo mpaka yaliponikuta.

Nina duka hapa Mtama, Lindi. Msimu wa korosho, watu wameshalipwa, nilivamiwa saa tatu usiku nikihesabu mauzo. Walikuwa wawili. Mmoja alinimulika tochi usoni, mwenzake akalaza panga juu ya daftari la madeni. Mpini wa panga lile ulizungushiwa mpira wa baiskeli, mwekundu, ncha yake ikakazwa kwa waya. Nipe kalamu nikuchoree sasa hivi. Lakini sura ya aliyeushika? Polisi usiku ule niliweza kusema: kijana, mrefu kiasi, kofia. Basi.

Siku ya nne niliitwa kwenye gwaride la utambulisho. Nikiwa benchi koridoni nasubiri, akapitishwa kijana mwenye pingu. Nikamkodolea macho. Haikupita nusu saa nikawa mbele ya mstari wa watu, nikamgusa bega yeye yule bila kusita. Sikusema uongo, Mhariri, ningeshika msahafu. Kumbe sura niliyokuwa nayo kichwani ni ya koridoni, si ya dukani.

Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana, na kifungo chake hakipungui miaka 30. Kijana alisota mahabusu miezi minane, hadi daftari la wodi lilipoonyesha kuwa usiku ule alikuwa amelazwa na malaria.

Binti yangu anayesoma sheria ndiye aliyenieleza kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1980. Mahakama ya Rufani ilitaka shahidi aulizwe: ulimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, ulipata kumwona kabla? Majibu yangu: dakika mbili hivi, hatua moja, tochi imo machoni mwangu, hapana. Hatua moja tu, na bado nilikosea! Akanisimulia pia ya Ronald Cotton wa Marekani. Mwanamke aliyebakwa mwaka 1984 alijitahidi kuikariri sura ya mbakaji, akamtaja Cotton kwa uhakika wote. Vinasaba vikamtoa gerezani 1995.

Kwa hiyo hakimu akikataa ushahidi wa kumwona mtu usiku, tusikimbilie kusema kapewa kitu kidogo. Tuulize kwanza shahidi alisema nini siku ile ile, kabla hajaonyeshwa mtu yeyote. Na anayesubiri gwaride akalishwe mahali ambapo mtuhumiwa hapiti. Hilo halihitaji bajeti. Mwezi uliopita nilikwenda kuripoti kitambulisho kilichopotea, nikaambiwa nisubiri. Benchi ni lile lile, koridoni pale pale.

Muuza duka,
Mtama, Lindi