Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Vikapu, Mazulia ya Mkonge na Samani za Kuuza Nje

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na majina ya wanachama wapya yako kwa katibu. Mimi nitajikita kwenye jambo moja: kwa nini kazi inayotoka Tanga ikiwa nzuri hufika ng'ambo ikakataliwa. Ukipitia malalamiko ya wanunuzi, ususi wenyewe na useremala wenyewe haulaumiwi sana. Unaolaumiwa ni unyevu, kisha vipimo, kisha karatasi, yaani nyaraka za mzigo.

Nianze na unyevu, maana ndio unaotumaliza. Msusi hulowesha ukindu ili usikatike mkononi, na hilo si kosa. Kosa ni kufunga kikapu kabla maji yale hayajatoka. Nje kikapu huonekana kikavu baada ya siku moja ya jua, lakini pale kwenye kitako, shupatu zinapopandiana, unyevu bado umekaa. Kikifunikwa mfuniko na kuvishwa nailoni, baada ya wiki kadhaa baharini hutoka na vidoa vyeusi vya ukungu, na hakuna brashi inayoviondoa. Kwa hiyo vikapu vianikwe vikiwa vimepinduliwa, kitako juu, mfuniko kando, kwenye uchanja wenye upepo, na jioni viingizwe ndani kabla ya umande. Mnunuzi akitaka kila kikapu kivishwe nailoni, mwombeni akubali karatasi, au nailoni iliyotobolewa.

Zulia la mkonge nalo hunywa maji ya hewani. Likilowa mahali pamoja hubaki na doa la kahawia, na likikaushwa vibaya pembe hujikunja. Singa, yaani nyuzi za mkonge, mnazonunua kwenye korona (viwanda vya kuchakata mkonge) za Muheza na Korogwe msiziweke juu ya sakafu ya saruji. Wekeni mbao chini.

Hata mzigo ulio mkavu unaweza kulowa ndani ya kontena. Mchana bati hupata moto, hewa hubeba unyevu. Usiku bati hupoa, unyevu hugeuka matone darini na kudondokea katoni za juu. Kabla ya kupakia, watu wawili waingie ndani, milango ifungwe, watazame kama kuna tundu linalopitisha mwanga. Sakafu iguswe kwa kiganja. Mifuko ya kalsiamu kloraidi, chumvi inayonyonya unyevu, itundikwe ukutani, na katoni za juu zifunikwe kwa karatasi nene. Mwaka huu kuna waliobana matumizi hapo, na katoni zilizorudishiwa lawama ni zile za safu ya juu.

Mafundi mbao, unyevu wenu una sura nyingine. Mbao iliyokaushwa kwa hewa ya pwani hubaki na unyevu wa asilimia 14 hadi 16. Ikiingia kwenye nyumba ya Ulaya yenye joto la hita hushuka hadi karibu asilimia 8, na mbao hupungua upana. Meza iliyogongewa skrubu kwenye matundu ya mviringo haina pa kupungulia, hivyo hupasuka katikati. Kausheni kwenye tanuru hadi kati ya asilimia 8 na 12, na matundu ya skrubu chini ya meza yatobolewe marefu kama kokwa ya tende, ili mbao ipate kusogea. Sehemu nyeupe ya nje ya gogo iondolewe yote. Humo ndimo wadudu wanaobungua mbao hutagia mayai, na mnunuzi akiona unga chini ya mguu wa kiti, oda ya pili msiitarajie.

Kuhusu vipimo, nawaomba mfanye hesabu hii. Kontena la futi 20 lina takriban mita za ujazo 33, ila kwa mizigo yetu tunapata kama 28. Katoni ya sentimita 60 kwa 40 kwa 40 ni mita za ujazo 0.096, kwa hiyo huingia 291. Sasa vikapu vikiwa vipana kidogo, katoni ikavimba hadi 64 kwa 44 kwa 42, inakuwa 0.118, na zinaingia 236. Katoni 55 zimebaki uani, na nauli ya kontena ni ileile. Ndiyo maana kila kikundi kinapaswa kusukia kwenye kalibu ya plaiwudi, si kwa kukadiria kwa shubiri.

Sampuli ziwe mbili zinazofanana, zote zimetiwa saini. Moja aende nayo mnunuzi, moja ibaki ofisini. Makubaliano yaandike tofauti inayoruhusiwa, mfano sentimita moja juu au chini, kwa sababu kazi ya mkono hailingani kama ya mashine. Rangi ipimwe kwa kitambaa cheupe: kisugue juu ya kazi iliyotiwa rangi mara kumi kikiwa kikavu, mara kumi kikiwa kimelowa. Kikishika rangi, oda isianze.

Kwenye karatasi nitapita upesi. Palati na kreti za mbao halisi, si plaiwudi, ziwe zimepashwa joto hadi nyuzi 56 kwenye kiini kwa dakika 30 na kupigwa muhuri wa IPPC, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea. Mninga na mkongo vimo kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 2023: kiti kilichokamilika hakiguswi, lakini mbao zilizopasuliwa zinahitaji kibali. Mpingo umo tangu 2017, na bidhaa zilizokamilika husamehewa hadi kilo 10 kwa mzigo. Kwa Umoja wa Ulaya, ili kupata nafuu ya ushuru, mzigo usiozidi euro 6,000 unaweza kutolewa tamko la asili, yaani la nchi ulikotengenezwa, na muuzaji yeyote. Zaidi ya hapo lazima uwe umesajiliwa kwenye REX, mfumo wa Ulaya wa wauzaji nje waliosajiliwa.

Malipo yaliyozoeleka ni asilimia 30 kabla ya kazi na 70 kwa nakala ya hati ya shehena. Hati halisi isitoke mkononi kabla fedha haijaingia benki. Na usitoe bei ya FOB Tanga, yaani bei ambayo gharama zote hadi mzigo upakiwe melini Tanga ni zako, kabla wakala hajathibitisha meli. Mzigo ukihamishiwa Dar es Salaam, lori la kilomita zipatazo 350 linatoka mfukoni mwako.

Kamati inaomba mkutano uamue mambo mawili leo: kununua kipima unyevu cha mbao cha kuazimana, na kuongeza siku saba za kuanika kwa oda zote zinazopokewa kati ya Machi na Mei, siku hizo ziandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo.

Mwenyekiti