Oili ya hiyo RX-8 yako

Ndugu yangu Shabani,

Salamu nyingi sana. Sisi wazima, na natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Barua yako nimeipata na picha ya gari nimeiona. Mazda RX-8 ya 2005, tena ya gia za mkono! Hongera. Unasema fundi wako alifungua boneti, akaguna, akaifunga, kisha akakuambia hagusi injini isiyo na pistoni. Simlaumu, afadhali huyo kuliko anayejifanya anajua. Lakini kumwaga oili si kazi ya kukushinda wewe. Nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ni nati, na filta ni filta. Tofauti iko kwenye mambo yanayofanyika kabla na baada ya hapo, na ndiyo nataka tuyaongee.

Kwanza ujue oili inafanya nini mle ndani. Injini yako ni ya rotari, yaani badala ya pistoni ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka ndani ya nyumba zake. Hakuna valvu, hakuna kemshafti. Maji ya rejeta yanapoza kuta za nje tu. Rota zenyewe zinapozwa kwa oili inayorushwa ndani yake kutoka kwenye shafti. Kwa hiyo oili ikipungua, joto la rota halina pa kwenda. Halafu kuna kazi nyingine, na hiyo ndiyo inayowachanganya watu. Kila ncha ya rota ina sili nyembamba inayosugua ukuta wakati wote injini inapozunguka, na sili hizo lazima zilainishwe. Mazda waliweka pampu ndogo inayopima oili kidogo kidogo kutoka injini hiyohiyo na kuiingiza kwenye chumba cha kuchomea, ichomwe pamoja na petroli. Yaani gari lako linakula oili kwa makusudi. Limeumbwa hivyo.

Kwa sababu hiyo, usije ukaniandikia kwa furaha kwamba umetembea miezi na oili kwenye dipstiki, kile kijiti cha kuipimia, haijashuka hata kidogo. Hapo ndipo nitakapoanza kuogopa. Ama ile pampu imekufa na sili zinasagika zikiwa kavu, ama petroli inavuja kuingia kwenye sampu na kuziba pengo la oili inayoliwa. Chomoa dipstiki uinuse. Ikitoa harufu kali ya petroli, au kiwango kikiwa kimepanda badala ya kushuka, imwage hiyo oili hata kama uliibadilisha juzi, kisha utafute chanzo.

Sasa kazi yenyewe. Endesha gari mpaka injini ipate moto kamili, kisha zima na usubiri kidogo isije ikakuunguza. Pandisha kwa jeki, weka stendi, ulitikise gari kwa mkono kabla ya kuingia chini, hilo silirudii. Ukiwa chini angalia vizuri unafungua nini. Injini hii ni fupi na imesukumwa nyuma sana, na gia boksi imeanzia palepale, kwa hiyo mtu asiyeizoea anaweza kumwaga oili ya gia akidhani ni ya injini. Tafuta sampu ya injini, ufuate ukingo wake kwa kidole mpaka uikute nati yake. Legeza kwa spana, malizia kwa mkono, na ufungue kifuniko cha juu ili oili ishuke kwa kasi.

Iache imwagike mpaka idondoke tone moja moja. Hata hivyo haitatoka yote. Gari la gia za mkono lina rejeta mbili ndogo za oili huko mbele, moja kila upande, na mabomba marefu ya kuzifikia. Sehemu kubwa ya oili chafu hubaki huko. Usishangae oili mpya ikianza kuwa nyeusi mapema, na usikubali mtu akuambie ufungue mabomba ya rejeta kila mara. Dawa yake ni kubadilisha mapema. Mimi sivuki kilomita 5,000, na gari likitumika kwa safari fupi fupi tu, sifiki hata huko.

Filta ndiyo itakayokuchekesha. Kwenye gari la mwaka wako iko juu, mbele ya injini, unaifikia ukiwa umesimama wima na mikono misafi. Lakini imekaa kichwa chini, mdomo ukiangalia injini, kwa hiyo ukiing'oa kwa haraka, oili yote iliyomo inashuka juu ya injini na mikanda. Fanya hivi: ilegeze kidogo tu, robo ya mzunguko, hewa ipate kuingia. Kisha nenda kanywe chai. Oili itajirudia yenyewe kwenda chini kwenye sampu. Ukirudi, izungushie kitambaa kikubwa shingoni na uitoe polepole. Kabla ya kufunga mpya, tazama mahali ilipokalia uhakikishe mpira wa ile ya zamani haukubaki umeganda pale, maana mipira miwili ikipandana, oili yote mpya inaruka nje injini ikipata presha. Mpira mpya upake oili kwa kidole, funga kwa mkono mpaka uguse, kisha ongeza kiasi kilichoandikwa kwenye filta. Spana weka kando. Kuijaza oili kwanza haiwezekani kwa jinsi inavyokaa, itakumwagikia.

Nati ya sampu irudishe na wosha mpya. Usiikaze kwa hasira.

Oili gani? Hapa watu wa rotari wanagombana mpaka leo. Kitabu cha gari lililouzwa Marekani kinasema 5W-20 (namba hizi ni za uzito wa oili), cha masoko mengine kinasema 5W-30. Mimi, kwenye joto kali, ningeanzia 5W-30 na nisingeiona vibaya 10W-40. Wako wanaoapa kwamba sintetiki haifai kabisa kwa kuwa oili hii inachomwa na itaacha masizi, na wako walioitumia miaka na injini zao zinadunda. Maoni yangu ni mepesi: oili hii nyingine unaichoma, nyingine inachanganyika na petroli, sasa ya ghali kupita kiasi ya nini? Nunua nzuri ya kawaida yenye viwango vinavyotakiwa na uibadilishe kabla haijachoka.

Itaingia kama lita tatu na nusu, lakini usimimine zote kwa mkupuo. Weka tatu, pima, ongeza. Ukizidisha, oili hupanda na mvuke kupitia bomba la shingo ya kujazia, inaingia kwenye njia ya hewa, na utatoa moshi wa bluu mpaka majirani watoke nje. Na ukikuta utando mweupe wa krimu kwenye hiyo shingo, usikimbilie kusema gasketi imekufa. Shingo ni ya plastiki na hukaa mbali na moto wa injini, mvuke unagandia hapo, hasa kwa gari la safari fupi. Ufute. Ila maji ya rejeta nayo yakiwa yanapungua, hapo ni hadithi nyingine.

Kuwasha. Kanyaga mafuta mpaka chini, ushikilie, kisha piga stata kwa sekunde kadhaa. Ukikanyaga hivyo kompyuta hukata petroli, kwa hiyo injini inazunguka bila kuwaka huku oili ikisukumwa kujaza filta. Kisha achia, washa kawaida. Chungulia filta na nati ya chini kama kuna kinachovuja.

Shabani, hapa nisikilize vizuri. Kwa gari lolote jingine ungewasha nusu dakika, ukazima, ukapima dipstiki, ukaongeza. Kwa hili usifanye hivyo injini ikiwa imeshapoa. Ukizima rotari ambayo haijapata moto, petroli iliyobaki inalowanisha plagi, inasafisha oili kwenye sili, na kesho haiwaki. Kama hakuna kinachovuja, iache iendelee mpaka mshale wa joto usimame mahali pake, ndipo uzime. Subiri dakika tano, gari likiwa mahali tambarare, upime. Na ikitokea mtu akalisogeza mita mbili na kuzima, na sasa haitaki kuwaka, ile mbinu ya kukanyaga mafuta mpaka chini na kupiga stata ndiyo hiyohiyo ya kukausha plagi.

Mshale wa presha ya oili kwenye dashibodi usiuamini hata kidogo. Kwenye hizi za miaka ya mwanzo unaendeshwa na swichi tu: presha ikivuka kiwango kidogo, unapanda katikati na kutulia, iwe presha nzuri au mbovu. Ukipata nafasi, funga geji ya kweli. Kabla ya hapo, mwalimu wako ni dipstiki, kila unapojaza tenki mara ya pili. Weka chupa ya oili ileile kwenye buti.

Ile ya zamani imimine polepole kwenye chombo cheupe juani kabla ya kuipeleka wanakokusanya oili chafu. Tafuta vichembe vinavyong'aa. Vya rangi ya shaba ni beringi zinaanza kulalamika. Ila usijidanganye kwamba oili safi maana yake sili za rota ni nzima. Zikisagika, mabaki yake hutoka na moshi wa ekzosi, hayashuki kwenye sampu. Habari za sili utazipata kwa kupima kompresheni, yaani nguvu ya rota kubana hewa, na iwe kwa kifaa cha rotari kinachosoma kila uso wa rota peke yake. Gari ulilinunua bila kipimo hicho, sivyo? Basi kifanye mwezi huu.

Na huyo fundi akikucheka tena, mwambie injini ya rota nne ilishinda mbio za magari za Le Mans 1991 ndani ya Mazda 787B, saa 24 bila kupumzika.

Msalimie sana shemeji. Ukishamwaga niandikie imetoka kiasi gani na imenukaje, na namba za kompresheni zikipatikana nitumie zote sita.

Wako,
Idrisa