Weka huo mkaa kando

Buruburu, Nairobi

Mama Wanjiru mpendwa,

Natumai hujambo, na Baba Wanjiru na watoto hawajambo. Sisi huku tu salama, ila baridi ya Julai inatutesa.

Nakuandikia kuhusu lile jambo ulilolitaja juu juu kwenye simu, kwamba chai ya moto inakutia ganzi na chonge zako zinaonekana ndefu kuliko zamani. Meno ya mtu mzima hayarefuki namna hiyo. Ni ufizi unaorudi nyuma na kuacha mzizi wazi. Nami nashuku sana ule unga wa mkaa, na mswaki mgumu unaousugulia kila asubuhi.

Najua kwa nini unasugua. Tulikulia maji yale yale ya Nakuru, na ile rangi ya kahawia imetusumbua tangu shule ya msingi. Lakini rangi hiyo haikupakwa juu ya jino, dada. Floraidi nyingi iliyomo katika maji ya visima vya Bonde la Ufa iliingia ndani meno yakiwa bado yanaumbwa, tukiwa watoto wadogo. Usugue mwaka mzima, haitoki. Kinacholika ni ufizi, kisha mzizi wenyewe, maana mzizi hauna lile gamba gumu linalokinga sehemu ya juu ya jino. Ndiyo maana ukipitisha ukucha shingoni mwa jino unahisi kama pamechimbika.

Na ufizi ukisharudi nyuma hauoti tena wenyewe. Hilo ndilo linaloniharakisha. Uache leo, usingoje kopo liishe.

Tafuta mswaki wenye nywele laini. Uinamishe kidogo kuelekea ufizi, uzungushe taratibu kwa dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Usiache kupiga mswaki kwa kuogopa damu. Ukoga ukibaki pembeni mwa ufizi huganda ukawa mgumu, ufizi ukavimba, na mwishowe hata mfupa unaoshika jino hupungua. Ukoga ulioganda hautolewi na mswaki wowote, huo ni wa kukwanguliwa na daktari. Tena kwa kuwa mama yako ana kisukari, pimwa sukari nawe. Kisipodhibitiwa huchochea ugonjwa wa fizi.

Kuhusu ganzi, iko dawa ya meno ya watu wenye meno yanayoshtuka, ile yenye potasiamu naitreti. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo usiitupe siku ya tatu. Pale mzizi ulipobaki wazi sana, daktari anaweza kuchukua kipande chembamba cha nyama kutoka kwenye kaakaa akakishonea hapo. Huenda usifike huko. Na rangi inayokukera, muulize juu ya kuyafunika meno ya mbele kwa kijazio cha rangi ya jino. Hiyo ndiyo njia ya kupata tabasamu unalolitaka bila kujiumiza.

Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha udaktari wa meno, na wagonjwa wa kawaida hutibiwa pale. Panda matatu Jumapili, ulale kwangu, Jumatatu asubuhi tuende pamoja. Nimeshaomba ruhusa kazini, nangoja tu uniambie ni wiki gani.

Rafiki yako,
Mama Kevin