Maneno yaliyowekwa chini ya mchoro wangu

Mhariri,

Naandika kwa sababu ya mchoro mmoja wa mzinga wa nyuki. Niliuchora kwa kalamu ya wino, nimeketi chini ya mti ambao babu yangu alipanda kuuweka mzinga wenyewe. Sisi Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali wa Msitu wa Mau nchini Kenya, mzinga wetu ni gogo la mwerezi: hupasuliwa, huchongwa ndani, hufungwa tena, kisha hulazwa kwenye panda ya mti. Mtu wa shirika moja aliuomba mchoro huo nikampa kwa moyo mweupe. Baadaye niliukuta katika ripoti ya sera iliyogawiwa mkutanoni. Walikuwa wameubadilisha, mzinga sasa unaning'inia kwa kamba kama ndoo ya kisimani, na chini yake wameandika: "Shughuli za binadamu zinazoharibu msitu."

Nilikaa na ripoti ile mapajani mpaka watu wakatoka. Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilisema wazi kwamba Waogiek hawawezi kubebeshwa lawama ya kuharibika kwa Msitu wa Mau. Anayengoja miti itoe maua ndipo apate asali, aikate ya nini? Lakini watu wangapi wamesoma hukumu hiyo? Mchoro wameuona wote waliokuwa ukumbini, nao umetoka mkononi mwangu.

Kwa hiyo naomba nafasi niwaambie vijana wenzangu wa Kiogiek, na ndugu zetu Waendorois na Wasengwer, jamii nyingine za Kenya zilizofurushwa kwenye ardhi ya mababu: tuandike na tuchore kwa ajili ya machapisho ya sera tunayoyaongoza wenyewe. Pale ambapo hayapo, tuyaanzishe. Ukimpa mwingine kalamu akuandikie habari za ardhi yako, ataziandika kutoka pale aliposimama yeye.

Kule Toronto, Kanada, ipo Taasisi ya Yellowhead, iliyoanzishwa 2018 na inayoongozwa na wenyeji wa asili wa nchi ile. Katika ripoti yao ya 2019 kuhusu ardhi walipitia kesi zaidi ya 100 za maombi ya zuio la mahakama. Kampuni zilipoomba zuio dhidi ya wenyeji, zilikubaliwa katika asilimia 76 ya kesi. Wenyeji walipoomba dhidi ya kampuni, walikataliwa katika asilimia 81 ya kesi. Jambo hilo wazee wao walikuwa wakilisema wanaonekana walalamishi. Watoto wao walipohesabu kesi moja moja na kuzichapa, likawa neno ambalo wakili anaweza kuingia nalo kortini.

Nasi hatuanzi mikono mitupu. Mwaka 2006 hapa Nessuit ilitengenezwa ramani ya Mau yenye milima na mabonde yake, tabaka juu ya tabaka za kadibodi, na wazee wakaijaza yale wanayoyajua. Nilikuwa mtoto wa shule, nimebanwa mlangoni nikichungulia. Palikuwa na rangi, pini na nyuzi za sufu za kuonyesha mipaka. Nakumbuka wazee wawili walivyobishana juu ya kijito kimoja mpaka chai ikapoa. Hatimaye mmoja akachomoa pini, akausogeza uzi upana wa kidole, mwenzake akatikisa kichwa kukubali. Upana wa kidole kwenye kadibodi ile, huku nje ni shamba la mtu na mizinga yake. Mimi sanaa niliijulia pale, na hadi leo sijaona waraka wa sera ulioandikwa kwa uangalifu kama ule.

Liko na suala la lugha. Hukumu ya fidia ya mahakama ile ile ya Arusha, ya Juni 23, 2022, iliiamuru serikali ya Kenya itulipe shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhila tuliyopitia, na itupe hatimiliki ya pamoja ya ardhi ya mababu. Iliamuru pia muhtasari rasmi wa hukumu uchapwe katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika gazeti linalosomwa nchi nzima. Muhtasari huo ni wa Kiingereza. Mama yangu amefurushwa msituni mara mbili na Kiingereza hasomi. Kiswahili anasoma, polepole, kidole kikifuata mstari.

Mimi na wenzangu sita tumeanza kukusanya makala na michoro ya kijitabu chetu. Kiswahili kitatangulia na Kiogiek kando yake. Maelezo ya mchoro yataandikwa na aliyeuchora, na kazi haiendi kwa mpiga chapa kabla mwenyewe hajaisoma mara ya mwisho. Tayari tuna shairi la mama mmoja juu ya nyumba yake iliyobomolewa, na hesabu ya mizinga iliyopotea aliyoiweka mzee kwa vijiti, nami nikainakili kama ilivyo. Tunachokosa ni mtu wa kueleza kwa lugha nyepesi Kifungu cha 63 cha Katiba, kile kinachohesabu ardhi ya jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Mwanafunzi wa sheria anayesoma hapa na aje, tukae naye.

Muhtasari wa hukumu zote mbili tumeshautafsiri kwa Kiswahili, kurasa nne. Nikiuleta ofisini kwenu, mtauchapa?

Mchoraji,
Nessuit, Kaunti ya Nakuru