Mzuka wa Catherine si ndoto tu

Mhariri,

Makala yenu ya toleo lililopita kuhusu riwaya za kale za kutisha za Uingereza niliisoma kwa raha mpaka nilipofika pale mwandishi anapomalizana na mzuka wa Catherine, katika Wuthering Heights ya Emily Brontë (1847), kwa kusema kwamba Lockwood, mgeni anayesimulia kisa hicho, aliota tu. Kitabu hicho nimekifundisha miaka mingi. Siwezi kunyamaza.

Lockwood amekwamishwa na theluji nyumbani kwa Heathcliff, mwanamume aliyempenda marehemu Catherine. Analazwa kwenye kitanda kilichozibwa kwa mbao mithili ya kabati, dirisha likiwa humo humo ndani, na ukingoni mwake jina limekwaruzwa tena na tena: Catherine Earnshaw, Catherine Heathcliff, Catherine Linton. Anaota mahubiri yasiyokwisha, anagutuka, kumbe ni tawi la msonobari linagonga kioo. Analala tena. Safari hii anaota yumo kitanda kile kile, na tawi ni lile lile. Anainuka alinyamazishe, lakini komeo halifunguki, limechomelewa. Alikuwa ameliona hilo alipokuwa macho, akasahau. Anavunja kioo kwa ngumi, anatoa mkono ashike tawi, na vidole vyake vinakamata kijikono kibaridi kama barafu.

Lile komeo ndilo linalonishangaza kila mwaka. Mwenye kuota amesahau, ndoto haijasahau. Kila kitu cha kuamka kimo usingizini, mahali pake pale pale, hata huoni kizingiti amekivuka wapi. Kisha sauti ya mtoto inajitaja: Catherine Linton. Lockwood mwenyewe anajiuliza kwa nini Linton, ilhali Earnshaw amelisoma mara ishirini zaidi. Earnshaw ni jina la Catherine la kuzaliwa, Linton ni la ndoa. Mtoto kalitoa wapi? Lakini pia lilikuwa limeandikwa pale, na yeye ametoka kulisoma. Ukivuta huku unapata mzuka, ukivuta kule unapata ndoto.

Mayowe yake, anagundua, hayakuwa ya ndotoni. Yanamleta Heathcliff, ambaye hata hamuulizi kama alikuwa amelala au macho. Akidhani yuko peke yake, analifungua dirisha kwa nguvu na kumsihi Catherine aingie, huku akilia. Kinachoingia ni theluji na upepo, na mshumaa unazimika. Sisi tunaosema "marehemu amenijia usiku" tunaielewa hali hiyo bila kufafanuliwa. Neno "amenijia" halisemi kama ulikuwa umelala, na hakuna nyumbani anayekudai useme.

Ndani ya ndoto Lockwood, kwa hofu, aliukwaruza mkono wa mtoto kwenye kioo kilichovunjika mpaka damu ikalowesha matandiko. Mwanafunzi wangu mmoja alinyosha kidole: "Mwalimu, alipoamka, shuka lilikuwa na damu?" Tulipekua sura nzima, darasa lote likiwa kimya. Brontë hasemi. Wala hasemi kama kioo kilikutwa kizima. Makala yenu ingemjibu binti yule kwa neno moja, naye angefunga kitabu kabla ya kufika mwishoni, ambako Heathcliff anakutwa amekufa katika kitanda hicho hicho, dirisha likipigapiga, mkono wake ukiwa umechubuliwa ukingoni na hautoki damu.

Mwalimu wa fasihi,
Tanga