Kipaimara kisiishie mwaloni

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka vijana wengi wa kanda hii ya ziwa hupewa kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa katika Kanisa Katoliki, na miezi michache baadaye benchi zao kanisani ni tupu. Tunasema wamepotoka, wamependa fedha. Naona tunawaonea. Wengi wamekwenda visiwani, kwenye mialo ya wavuvi, kutafuta riziki, na sisi hatukuwakabidhi kwa mtu yeyote.

Wamisionari wa Afrika waliofungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883 walikuwa na agizo la mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie: miaka 4 ya ukatekumeni, yaani mafundisho ya maandalizi, kabla ya ubatizo. Hawakuwa na haraka, maana walimwandaa mtu kwa maisha yake yote. Leo tunakazana na maswali ya mtihani wa kipaimara, askofu akishaondoka darasa limevunjika.

Tuanze na ratiba. Kambi ya dagaa Ukerewe, Ukara au Kome haiendi kwa wiki, inakwenda kwa mwandamo wa mwezi angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwavuti vizuri, mitumbwi inapumzika siku kadhaa. Sasa jumuiya ikiweka sala Jumamosi alfajiri, wakati wa giza itampata nani? Saa hiyo mitumbwi ndiyo inarudi, dagaa wanashushwa na kuanikwa, kisha mvuvi analala. Misa ya Jumapili asubuhi inamkuta hivyohivyo.

Kipindi cha giza, sala iwe saa tisa au saa kumi alasiri, kabla hawajaanza kupakia taa na nyavu. Nusu saa inatosha: wimbo, Injili ya Dominika, maombi, Baba Yetu. Ikizidi hapo wataanza kuondoka mmoja mmoja, na wiki inayofuata hawaji. Mafundisho, kitubio, na Misa ikiwa padre anaweza kuvuka, vingoje mbalamwezi. Tarehe za mwezi mpevu zinajulikana mwaka mzima, zinapishana siku 29 au 30. Katekista wa kigango, tawi la parokia, ampelekee paroko orodha kabla ratiba ya parokia haijafungwa.

Halafu makabidhiano. Kijana anayehama apewe barua yenye parokia aliyobatizwa, namba ya ubatizo, tarehe ya kipaimara na simu ya msimamizi wake wa kipaimara. Namba hiyo inaonekana jambo dogo hadi siku anapotaka kufunga ndoa na kutakiwa cheti kipya cha ubatizo. Asipojua aanzie wapi kukitafuta, anaahirisha, watoto wanazaliwa, uchumba sugu, kuishi pamoja bila ndoa, unakuwa ndiyo nyumba.

Na msimamizi je? Kanuni ya 892 ya Sheria ya Kanisa inamtaka aangalie kwamba aliyepewa kipaimara anaishi kama shahidi wa kweli wa Kristo. Kazi hiyo haina siku ya mwisho. Wazazi wasichague mtu kwa sababu ya zawadi na picha. Wachague atakayepiga simu kisiwani kila mbalamwezi na kuuliza maswali magumu. Umeungama lini? Zaka unaitenga siku ileile unayouza, au unangoja mwisho wa mwezi ukiwa huna kitu? Unavuta kokoro, ule wavu wa kukokota, usiku kwenye mazalia ya sato? Kokoro limekatazwa kisheria, na anayelivuta anamwibia mvuvi mwenzake ambaye jioni wanasali pamoja.

Katekista,
Ilemela, Mwanza