Barua kwa mwanangu anayetaka kununua fleti Pangani

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Tudor. Sisi huku wazima, na goti la babako limetulia tangu mvua ikatike. Picha za ile fleti ya Pangani, Nairobi, nimezipata zote, mpaka ile ya soketi. Chumba kimoja cha kulala, sebule na jiko pamoja, roshani ya kuanikia nguo, orofa ya saba, shilingi 5,400,000. Nimeipenda. Nakwambia mapema, usije ukasoma yanayofuata ukadhani nakukataza.

Shangazi zako wamekwisha kulifanyia kikao suala hili. "Pangani? Kwa wakora?" Wao wana Pangani ya zamani kichwani, ile ya kuvua saa mkononi kabla hujashuka matatu, ya kupigwa ngeta, kukabwa shingo na kuporwa, kwenye raundabauti saa moja usiku huku watu wakipita. Hawajafika pale tangu Thika Road ipanuliwe. Barabara ile ilifunguliwa rasmi Novemba 2012, na ndiyo iliyoibadilisha mitaa yote ya kandokando yake. Mjini ni karibu, Eastleigh na maduka yake iko hapo jirani, basi zile nyumba za chini zilizojengwa na Wahindi zikawa zinauzwa moja moja na kubomolewa, majumba yakapanda mahali pake. Hata nyumba za kaunti zilizokuwa zikikodishwa zimeondolewa kupisha minara ya mradi wa nyumba nafuu. Wakora hawajaisha, simu usiitoe dirishani. Lakini si hao wanaoninyima usingizi. Mimi nataka kujua ardhi iliyo chini ya hiyo orofa ya saba ni ya nani.

Wewe umekulia fleti, huyajui haya. Babu yako alikuwa na nyumba Majengo hapa Mombasa, nyumba ya Kiswahili khasa, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, baraza mbele. Nyumba yake, ardhi ya mtu. Kila mwezi alipeleka kodi ya ardhi, na risiti akizikunja na kuzitia kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Akitaka kuongeza choo, aombe ruhusa. Mwenye ardhi alipofariki, warithi walikuja na mpimaji, wakasimama ukumbini na utepe wao kana kwamba hamna watu ndani. Huku Pwani tumelizoea jambo hili la kumiliki kuta bila kumiliki udongo, hata hatulioni ajabu tena.

Na Pangani hiyohiyo unayoitaka ina kisa kama hicho, kikubwa zaidi. Kabla ya nyumba za Wahindi palikuwa na kijiji cha Waswahili, kati ya makazi ya mwanzo kabisa ya Waafrika Nairobi. Wafanyabiashara na wapagazi wa misafara waliweka makazi yao pale, wakajenga kwa udongo na miti, wakapangisha vyumba kwa wageni waliokuja kutafuta kazi. Nyumba zilikuwa zao. Ardhi, machoni pa serikali ya mkoloni, haikuwa yao. Pumwani ikaanzishwa miaka ya 1920 ili wahamishiwe huko. Wengi walikataa, wakakaa. Kufikia 1939 kijiji chote kilikuwa kimekwisha kubomolewa, watu wametawanywa Pumwani na Shauri Moyo. Ukikutana na wazee wa Majengo ya Pumwani wakikwambia asili yao ni Pangani, usidhani wanazungumzia Pangani ya Tanga.

Sasa fleti. Kwa miaka mingi fleti za Nairobi ziliuzwa kwa mkataba wa kukodishwa muda mrefu. Aliyejenga anabaki na hati mama, yaani hati ya kiwanja chote, kampuni ya kusimamia jengo iko mfukoni mwake, nawe unapewa makaratasi yenye mihuri mingi. Sheria mpya ya umiliki wa sehemu za majengo, ya 2020, imetaka kila fleti iwe na hati yake yenyewe. Mwenye fleti anakuwa na fungu lake katika ardhi, ngazi, paa na tangi, na wamiliki wote wanakuwa shirika moja linaloamua mambo ya jengo. Umeniambia jengo lako ni la 2016 hivi. Basi lilianza kwa mtindo wa zamani. Muulize dalali hati zimebadilishwa au bado. Akikujibu "inashughulikiwa", ujue bado, na bei iongee lugha hiyo. (Huyo dalali wako, kwa kweli, simwelewi. Kila ukimtaka mwenye nyumba, mwenye nyumba amesafiri.)

Sachi, yaani kukagua rekodi za ardhi, afanye wakili wako, kwa Ardhisasa, ule mtandao wa serikali wa mambo ya ardhi. Wakili wako wewe, si wa muuzaji, wala si yule anayejitolea kuwahudumia nyote wawili kwa bei ya mmoja. Aangalie jina, aangalie kama benki ina dai juu ya hati, kama kuna zuio lolote, na ardhi ile imebakiza miaka mingapi. Viwanja vingi vya Nairobi ni vya kukodishwa na serikali kwa miaka 99, na mitaa ya zamani imekwisha kula mingi ya miaka hiyo.

Halafu shuka kwa miguu yako uone mto Mathare uko umbali gani na jengo. Mafuriko ya Aprili 2024 hujayasahau, na baada yake serikali iliwaamuru walio ndani ya mita 30 za mto wahame, matingatinga yakafuata. Na lile jengo la Huruma lililoanguka Aprili 2016 likaua watu wengi lilikuwa kando ya mto na halikuwa na kibali. Kibali cha kaunti kiombe, ukishike mkononi.

Hesabu ni fupi. Ushuru wa stempu ni asilimia 4, yaani 216,000 kwa bei hiyo, na huo ni wako, pamoja na wakili. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15, ni ya muuzaji. Ukiiona imehamishwa kijanja kwenye mkataba, ikatae. Ile asilimia 10 ya kwanza ya bei iwekwe kwa mawakili, isiingie mfukoni mwa mtu kabla ya wakati.

Yaliyobaki ni majirani, na hapo mimi ni mtaalamu, maana ndimi mweka hazina wa jengo letu hili. Lifti ilipokufa, mzee wa chini kabisa alikataa kuchanga. "Mimi lifti naiona tu ikipita," aliniambia, amekaa kitini na kikombe chake cha kahawa. Wa orofa ya tano naye akasema paa likivuja si shauri lake. Pampu ikaungua katikati ya Ramadhani, na waliogonga mlango wangu kwa hasira kuuliza maji, wallahi, ni walewale wasiolipa ada. Kwa hivyo omba daftari la ada ya huduma. Tazama nani anadaiwa, kuna akiba kiasi gani ya matengenezo, boza la maji linaagizwa mara ngapi na nani analipa. Wakikwambia daftari hakuna, umekwishajibiwa.

Nenda tena Jumapili alfajiri, bila dalali. Panda ngazi mpaka juu. Fungua mfereji. Kisha nunua sukuma wiki kwa mama mboga wa langoni na umuulize watu wa humo wanakosa maji siku gani. Hana sababu ya kukudanganya, hakuuzii nyumba.

Babako anasema pesa hizo ungenunua shamba Vipingo. Mimi simuungi mkono. Unatoka zamu usiku wa manane, uko peke yako, unahitaji mlango wa kufunga karibu na kazi, na shamba lisilo na mtu huwa na wenyewe wapya kila mwaka. Mkopo wa sako utakutosha ukiongeza akiba yako, na kilichopungua tutazungumza.

Nitapanda treni baada ya Idi. Mwambie dalali mwenye nyumba arudi safari kabla sijafika. Namtaka na kitambulisho chake na hati halisi, si nakala.

Mamako